KWA KADIRI YA FUNGU: Maana na Asili ya Neno 'Proportion' na Matumizi Yake katika Uhakiki

1. Utangulizi

Makala hii imezaliwa na wino mwekundu. Muhula uliopita nilirudishiwa insha yangu juu ya tamthilia ya Shakespeare iitwayo Measure for Measure, yaani Kipimo kwa Kipimo. Insha ilikuwa na kurasa nane. Sita kati ya hizo nilikuwa nimezitumia kumjadili Mariana, mwanamke ambaye hata jukwaani haonekani mpaka tendo la nne. Chini ya ukurasa wa mwisho mwalimu wetu aliandika maneno mawili tu ya Kiingereza: 'No proportion'. Alama zenyewe sitazitaja, tuache hayo.

Nilipowaonyesha wenzangu bwenini kila mmoja alinipa tafsiri yake. Wa kwanza alisema maana yake ni kwamba insha haina uwiano. Wa pili akasema la, ni kwamba nimetia chumvi mno. Wa tatu, ambaye anasoma hisabati, alicheka akasema kwamba sisi watu wa fasihi tunachezea maneno ambayo wenyewe wanayajua, kwa sababu katika somo lake neno hilo lina maana moja tu na haina mjadala. Nikajiuliza: ikiwa watu watatu wanaolala chumba kimoja hawakubaliani juu ya neno moja, mimi nitajirekebisha vipi?

Basi madhumuni ya makala hii ni mawili. Kwanza, kueleza neno 'proportion' limetoka wapi na lilimaanisha nini lilipokuwa likisafiri kutoka lugha hadi lugha. Pili, kuonyesha kwamba neno hili, ambalo sisi wahakiki tunalirusharusha kila siku, lina swali ndani yake ambalo aghalabu tunalisahau. Swali lenyewe ni hili: fungu la nani, na nani aliyeligawa?

2. Chimbuko la neno

Neno hili si la Kiingereza kwa kuzaliwa. Kama yalivyo maneno mengi ya elimu katika lugha hiyo, limetoka Kilatini kwa njia ya Kifaransa cha kale, na liliingia katika Kiingereza mwishoni mwa karne ya 14, zama za mshairi Chaucer. Warumi walikuwa na usemi wa maneno mawili, 'pro portione'. 'Pro' hapa ni 'kwa kadiri ya', na 'portio' ni fungu au sehemu anayopewa mtu. Kwa hiyo usemi mzima ni 'kwa kadiri ya fungu'. Baadaye maneno hayo mawili yaliungana yakawa nomino moja, 'proportio'.

'Portio' lenyewe ni ndugu wa neno 'pars', yaani sehemu. Ukoo huu ni mkubwa kweli kweli. Kutoka kwa 'pars' Kiingereza kimepata maneno ya sehemu, ya chama cha siasa, ya chembe, ya mshirika katika biashara, na hata lile wanalotumia wanaisimu kwa kuchanganua sentensi, 'parse', ambalo limetokana na swali walilokuwa wakiulizwa wanafunzi wa Kilatini: neno hili ni sehemu gani ya usemi? Kwa hiyo msomaji, kila unapochora matawi ya sentensi katika somo la sarufi, jua unafanya kazi ya kugawa mafungu.

Tuchukue mfano wa kwetu. Asha, Juma na Neema wanachanga fedha za biashara ya mitumba. Asha anatoa shilingi 10,000, Juma 20,000, Neema 30,000. Faida ikapatikana shilingi 12,000. Wakigawana sawa kwa sawa, kila mmoja atapata 4,000, na Neema atanuna. Wakigawana 'pro portione', Asha atapata 2,000, Juma 4,000 na Neema 6,000. Mafungu si sawa, lakini kila mtu amepata kulingana na alichotoa. Hiyo ndiyo maana ya mwanzo kabisa ya neno letu. Kabla halijawa neno la wachoraji, la wajenzi au la wahakiki, lilikuwa neno la watu wanaogawana kitu.

Maana hiyo ya fungu la mali haikupotea upesi. Katika Kiingereza cha zama za Shakespeare 'proportion' liliweza kumaanisha mali ambayo mtu amepangiwa, ikiwa ni pamoja na mahari ya bibi arusi inayotoka kwa wazazi wake. Msomaji aliweke jambo hili akilini, maana tutalirudia.

3. Kutoka Kigiriki: namba na maneno

Neno 'proportio' lilipata cheo cha kifalsafa kwa mkono wa Cicero, msemaji mashuhuri wa Roma aliyeuawa mwaka 43 K.K. Alipokuwa akitafsiri kitabu cha Plato kiitwacho Timaeus, alikutana na neno la Kigiriki 'analogia', na Kilatini hakikuwa na neno lililozoeleka kwa dhana hiyo. Cicero akapendekeza 'proportio'. Nadhani sisi tunaosoma kwa Kiswahili tunamwelewa vizuri mtu huyu. Yeye naye alikuwa akihangaika kutafuta istilahi katika lugha ambayo wengi walidhani haiwezi kubeba falsafa.

Sasa basi, 'analogia' ni nini? Wagiriki walitofautisha vitu viwili ambavyo sisi katika mazungumzo ya kawaida twaviita vyote uwiano. Kwanza kuna 'logos', yaani namna kitu kimoja kinavyolinganishwa na kingine kwa ukubwa: 2 kwa 3. Pili kuna 'analogia', yaani usawa kati ya milinganisho miwili: 2 kwa 3 ni sawa na 4 kwa 6. Hii ya pili ndiyo 'proportion' kwa maana yake kamili. Rafiki yangu wa hisabati alikuwa na haki katika jambo hili. Uwiano wa aina hii unahitaji vitu vinne, au angalau vitatu kimoja kikirudiwa, na unazungumzia mahusiano, hauzungumzii ukubwa wa kitu kimoja.

Lakini hapo hapo ndipo mwanafasihi anapopata cha kujibu. 'Logos' kwa Wagiriki si mlinganisho wa namba tu, ni neno, ni hoja, ni akili. Na Aristotle, aliyeishi kuanzia 384 hadi 322 K.K., katika kitabu chake cha Poetics anapoorodhesha aina za sitiari, aina ya nne anaiita sitiari ya 'analogia'. Anatoa mfano: uzee katika maisha ni kama jioni katika siku. Kwa hiyo mshairi anaweza kuuita uzee jioni ya maisha, au akaiita jioni uzee wa siku. Ni hesabu ile ile ya vitu vinne, ila badala ya namba kuna vitu vinavyoishi na kufa. Katika Rhetoric anaongeza kwamba sitiari za namna hii ndizo zinazopendwa kuliko zote.

Tukitazama Kiswahili tutaona kwamba sarufi yetu inao mtambo wa kazi hiyo. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Hapo 'vyo' na 'ndivyo' ndizo alama zetu za usawa: malezi kwa ukuaji, hivi kwa hivi. Na neno 'uwiano' lenyewe, ukilivua viambishi, utakuta ndani yake '-an-' ya kutendana, ile ile iliyomo katika kupigana na kupendana. Mtu hawezi kupigana peke yake, na kitu hakiwezi kuwiana peke yake. Waarabu nao hutumia mzizi n-s-b kwa mlinganisho wa namba, na mzizi huo huo ndio uliotupatia 'nasaba' na 'mnasaba'. Yaani wao mlinganisho na ukoo wamevipa mzizi mmoja. Lugha tatu zisizo na ukoo mmoja, na zote zinatuambia jambo moja: kabla hujasema kitu kimezidi au kimepungua, sema kwanza ukilinganisha na nini.

4. Mwili, jengo na beti

Neno likaingia katika sanaa. Vitruvius, msanifu majengo wa Kirumi wa karne ya kwanza K.K., katika kitabu chake cha tatu anaeleza kwamba hekalu haliwezi kusimama vizuri bila 'proportio', na anatoa mwili wa binadamu kama kielelezo: uso kuanzia kidevuni hadi mwanzo wa nywele ni sehemu moja ya kumi ya urefu wa mtu, na unyayo ni moja ya sita. Mchoro maarufu wa Leonardo da Vinci wa mwaka 1490 hivi, wa mtu aliyenyoosha mikono ndani ya duara na mraba, umetokana na ukurasa huo. Hapa neno limeanza kubadilika kidogo. Halisemi tena nani apewe nini, linasema umbo zuri liweje. Na mwili uliochaguliwa kuwa kipimo ni wa mwanamume mmoja aliyekomaa, mwenye viungo vyote. Mtoto, kibiongo na mama mjamzito hawamo katika duara lile. Katika tamthilia ya Richard III, ya miaka ya 1590, Shakespeare anamfungulia jukwaa mtu ambaye mwenyewe analalamika kwamba maumbile yalimnyima 'proportion' nzuri, na kwamba kwa sababu hiyo ameamua kuwa mwovu. Mtu aliyeachwa nje ya duara anakuja kulilipiza.

Kwa upande wa fasihi, Aristotle alikwisha kusema katika Poetics kwamba uzuri unategemea ukubwa na mpangilio. Mnyama mdogo kupita kiasi hauoni uzuri wake, na mnyama mwenye urefu wa maili elfu huwezi kumwona kwa mtazamo mmoja. Vivyo hivyo msuko wa tamthilia uwe na urefu ambao kumbukumbu inaweza kuushika. Angalia kwamba hata hapa kipimo si namba ya kurasa. Kipimo ni jicho na kumbukumbu ya anayetazama. Ni uhusiano baina ya kazi na msomaji.

Jambo litakalotuvutia zaidi sisi ni kitabu kilichochapishwa London mwaka 1589, The Arte of English Poesie, ambacho hunasibishwa na George Puttenham. Kina sehemu tatu, na sehemu nzima ya pili inahusu 'proportion' katika ushairi. Mwandishi anaigawa katika mambo matano: ubeti, kipimo cha mstari, ulinganifu wa sauti za mwisho, mpangilio wa sauti hizo katika ubeti, na umbo la shairi linavyoonekana kwa macho, kwa mfano shairi lililochorwa kama nguzo au kama yai. Nilipoisoma orodha hiyo nilijisemea, ala! Haya si beti, mizani, vina na mpangilio wa vina? Kumbe lile walimu wetu wa sekondari walilotufundisha kwa jina la arudhi, Mwingereza huyu wa karne ya 16 alilikusanya lote chini ya neno moja, na neno hilo ndilo nililoandikiwa kwa wino mwekundu.

Ukiliona hivyo, hata ule mgogoro wetu wa ushairi unasomeka upya. K. Amri Abedi alitoa Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954. Kezilahabi akaja na Kichomi mwaka 1974 na mashairi yasiyofuata vina wala mizani. Kandoro akajibu mwaka 1978 kwa Ushahidi wa Mashairi ya Kiswahili na Lugha Yake, na mwaka 1979 Mulokozi na Kahigi wakatetea upana wa ushairi katika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu. Kwa kawaida tunausimulia mgogoro huu kama vita kati ya wenye kipimo na wasio na kipimo. Mimi sioni hivyo. Wanamapokeo walidai sehemu za shairi ziwiane zenyewe kwa zenyewe: kipande kwa kipande, kina kwa kina. Wanamabadiliko walidai umbo liwiane na jambo linalosemwa: fikra iliyovunjika ipate mstari uliovunjika. Wote walitaka uwiano. Walichotofautiana ni nini kipimwe na nini. Kama tungeliuliza swali hilo mapema, huenda matusi yangepungua.

5. Kamba imefungwa na nani?

Turudi kwenye mafungu. Katika kitabu cha tano cha Nicomachean Ethics Aristotle anasema haki ya kugawana vitu ni haki ya uwiano: anayestahili zaidi apate zaidi, anayestahili kidogo apate kidogo. Inaonekana rahisi kama biashara ya akina Asha. Lakini hapo hapo anakiri kwamba wote wanakubali mgawanyo uwe kwa kustahili, ila hawakubaliani kustahili ni kitu gani. Wanademokrasia husema ni uhuru wa raia, matajiri husema ni mali, wengine husema ni kuzaliwa vizuri, wengine ni wema. Hesabu haina tatizo. Tatizo ni ile namba ya kwanza inayoingizwa katika hesabu.

Mtaani tuna msemo mkali kuliko wa Aristotle: kila mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Watu huusema wakicheka, hasa wanapomzungumzia mwenye cheo anayejichotea. Ukiutazama vizuri, msemo huu ni 'pro portione' mtupu. Majani yanawiana na kamba. Mwenye kamba ndefu amekula sana, mwenye fupi kidogo, na ukipiga hesabu hutaona kosa popote. Kosa, kama lipo, lilifanyika asubuhi, mbuzi walipokuwa wakifungwa.

Hili si jambo la kinadharia tu. Tanzania hugawa viti maalumu vya wanawake bungeni baina ya vyama kwa uwiano wa kura ambazo chama kimepata, na mjadala wa viti hivyo mara nyingi hauhusu kugawanya wala kuzidisha. Watu hubishana juu ya nini kihesabiwe. Vivyo hivyo mhakiki anaposema mhusika huyu amepewa nafasi kubwa kuliko anavyostahili, tayari amekwisha kuamua kustahili ni nini. Ni cheo katika hadithi? Ni idadi ya mistari aliyosema? Ni athari yake katika mwisho wa mambo? Asipotuambia, basi ameficha kamba akatuonyesha majani.

6. Neno linapogeuka mungu

Mwandishi aliyeliona jambo hili kwa jicho kali kuliko wote ninaowajua ni Virginia Woolf. Katika riwaya yake ya Mrs Dalloway, iliyotoka mwaka 1925, kuna daktari tajiri wa London, Sir William Bradshaw. Analetewa kijana Septimus Warren Smith, askari aliyerudi kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia akiwa ameharibika akili kwa aliyoyaona. Bradshaw hatumii neno wazimu kabisa. Yeye husema mgonjwa amepoteza hisia ya 'proportion'. Dawa yake ni kumtenga mgonjwa na watu na vitabu, alale kitandani, anywe maziwa, mpaka aliyeingia na kilo 47 atoke na kilo 76. Woolf aliyajua haya kwa mwili wake, maana yeye mwenyewe alipata kulazwa kwa tiba ya namna hiyo.

Kisha msimulizi anafanya jambo la ajabu. Analipa neno herufi kubwa, analigeuza kuwa mungu wa kike anayeabudiwa na daktari huyu, halafu anatufahamisha kwamba mungu huyo ana dada yake, ambaye kazi yake ni kuwageuza watu wawe kama atakavyo yeye. Dada huyo hula nia za wanyonge, na msimulizi anamwonyesha akiwa kazini katika mitaa ya London, kule India na hapa Afrika. Sisi tunaosoma riwaya hii tukiwa upande huu wa dunia hatuwezi kupita mahali hapo kwa haraka. Tulikwisha kuambiwa na watu wa namna hiyo kwamba ngoma zetu ni nyingi mno, misiba yetu mirefu mno, majina yetu marefu mno. Mno kuliko nini? Hilo hawakulisema.

Kisarufi, alichokifanya Bradshaw ni kulinyima neno upande wake wa pili. 'Kwa kadiri ya fungu' linadai tutaje fungu. Yeye amelikata 'kwa kadiri' likabaki linaning'inia. Huzuni ya Septimus haikuwa na uwiano na sebule ya daktari, hiyo ni kweli. Je, ilikuwa haina uwiano na miaka ile vitani na kifo cha rafiki yake Evans? Huko hakuna aliyepima. Septimus anaishia kujirusha dirishani.

7. Kumrudia Mariana

Sasa tuiendee insha yangu. Katika Measure for Measure, iliyochezwa mbele ya mfalme mwaka 1604, Angelo alikuwa amemchumbia Mariana. Kaka yake Mariana, Frederick, akazama baharini pamoja na merikebu iliyobeba mahari ya dada yake. Angelo akamwacha. Miaka mitano baadaye, katika tendo la tano, akiulizwa mbele ya watu anajitetea: sababu moja ni kwamba yale aliyoahidiwa kwa ajili ya mwanamke yule yalipungua chini ya makubaliano, na sababu kubwa zaidi ni kwamba sifa ya mwanamke ilikuwa imechafuka. Na neno analolitumia Angelo kwa mali hiyo iliyopungua ni lipi? Ni lile lile 'proportions'!

Nilipoligundua hilo maktabani nilikaa kimya kwa muda. Mariana aliachwa kwa kukosa 'proportion', nami insha yangu juu yake imeanguka kwa kukosa 'proportion'. Nikaona niende ofisini.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Umekuja kubishania alama?"

"Hapana Mwalimu, nimekuja kuuliza kuhusu neno."

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akauliza, "Swali la insha lilisemaje?" Nikamjibu kwamba lilitaka tujadili dhana ya haki katika tamthilia nzima. "Na Isabella ulimpa kiasi gani?" Nusu ukurasa. "Na Mtawala wa Vienna?" Mistari mitano. Hakuongeza neno, wala hakuhitaji.

Nakiri, hapo mwalimu alikuwa sahihi. Fungu lilikuwa limetajwa katika swali, nami sikugawa kwa kadiri yake. Lakini nilimwomba dakika moja zaidi, na hoja niliyomweleza ndiyo hii. Mwishoni mwa tamthilia Mtawala anaamuru Angelo auawe kwa sababu Angelo aliamuru Claudio auawe: kifo kwa kifo. Hiyo ni hesabu kamili, na jina la tamthilia, linalotokana na sura ya 7 ya Injili ya Mathayo, linatufanya tuitazamie. Anayeivunja hesabu hiyo ni nani? Ni Mariana, mwenye mistari michache. Anapiga magoti kumwombea mtu aliyemtupa, kisha anamsihi Isabella, ambaye anaamini kaka yake Claudio amekwisha kufa, apige magoti pamoja naye. Isabella akipiga magoti, haki ya tamthilia nzima inageuka sura. Mzigo mzito kuliko yote umeegemezwa kwenye kiguzo chembamba. Tukihesabu mistari, Mariana astahili nusu ukurasa. Tukipima uzito alioubeba, astahili zaidi sana. Ukubwa wa pua si wingi wa makamasi.

Mwalimu alisema, "Hilo ungeliandika katika ukurasa wa kwanza, nisingeandika nilichoandika." Alama hazikubadilika, wala sikuomba zibadilike.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba 'proportion' lilianza kama usemi wa wagawanaji, 'kwa kadiri ya fungu', likapewa na Cicero kazi ya kubeba 'analogia' ya Wagiriki, likapita kwa wajenzi na wachoraji, likaingia katika ushairi, na hatimaye likawa fimbo mkononi mwa Bradshaw. Katika safari hiyo yote limebaki neno la uhusiano. Haliwezi kusimama kwa mguu mmoja.

Kwa hiyo napendekeza kwa wenzangu, na kwa heshima zote kwa walimu wetu pia, kwamba tusiandike 'haina uwiano' kisha tukaweka nukta. Tuandike haina uwiano na nini: na swali lililoulizwa, na uzito wa jambo, na subira ya msomaji, au na kazi nyingine za utanzu huo. Anayeandika naye, akitaka kumpa mhusika mdogo fungu kubwa, atangulize kusema anapima kwa kipimo gani, asimwache msomaji akikisie. Mimi sikufanya hivyo, na nililipa.

Muhula huu tunasoma riwaya nyingine, na nimekwisha kumwona humo mtumishi mmoja anayefungua mlango mara tatu tu. Safari hii nitaanza kwa kutaja kamba.